KAGEYI: KIJIJI KILICHOKUWA MLANGO WA ZIWA, NA HUKUMU YA MWENYE KUPITA NA MWENYE KUKAA

Sifa njema zote zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Masahaba zake na kila aliyefuata nyayo zao kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Vijana wetu wanaokwenda kuvua ziwani hutuuliza mara kwa mara hapa Mkuyuni, Mwanza: "Masheikh, kule kambini tupo Waislamu wengi, na mchana hatuna kazi. Je, tusimamishe swala ya Ijumaa?" Swali ni fupi, lakini jawabu lake limejengwa juu ya neno moja ambalo fuqahaa wamelizungumza sana, nalo ni istitan, yaani mtu kupafanya mahali kuwa maskani yake. Tumeona vyema kulieleza neno hili kwa habari za kijiji kimoja cha ziwa letu hili hili. Kijiji hicho kilijulikana duniani zaidi ya miaka 140 iliyopita, kikapitiwa na Waislamu wengi, kisha kikarudi kuwa kijiji kidogo kama vingine. Kinaitwa Kageyi, na wengine huandika Kageye.

KIJIJI CHENYEWE

Kageyi iko katika nchi ya Wasukuma, mashariki ya Mwanza, kwenye pwani ya kusini ya Ghuba ya Speke. Ng'ambo ya maji hayo, upande wa kaskazini, ni Ukerewe. Katika miaka ya 1870 kilikuwa kijiji cha nyumba za msonge ishirini au thelathini hivi, na mkuu wake aliitwa Kaduma. Kwa idadi ya nyumba hakikuwa na jambo la kukipambanua na vijiji vingine vya Usukuma. Kilichokipa jina ni mahali kilipokaa.

Tukumbuke kwamba wafanyabiashara wa pwani walikwisha kuweka makao Unyanyembe, pale Tabora, tangu miaka ya mwanzo ya 1850. Kutoka Tabora mwenye kutaka kufika Buganda alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa ya nchi kavu, kuzunguka ziwa upande wa magharibi kwa kupitia Karagwe, na hiyo ndiyo iliyotangulia kutumiwa na misafara. Ya pili ilikuwa kwenda moja kwa moja kaskazini mpaka ukingo wa ziwa, kisha kuvuka kwa chombo. Njia hii ya pili ilikuwa na faida ya kupumzisha mabega ya wapagazi, lakini ilihitaji mitumbwi au jahazi. Kageyi ilikuwa mahali ambapo njia ya miguu ilikoma na njia ya maji ikaanza. Kwa hiyo ilikuwa mlango.

Wala haikuwa kwamba wageni Waislamu walikuwa hawajafika ziwani kabla yake. Mwingereza John Hanning Speke alipoliona ziwa tarehe 3 Agosti 1858 akiwa Mwanza, alimkuta hapo mfanyabiashara Mwarabu aliyeitwa Mansur, na kutoka kwake akapata baadhi ya habari za nchi. Msafara wake Speke mwenyewe ulikuwa wa watu wa pwani na Unyamwezi. Basi wale wasemao kwamba Mzungu "aliligundua" ziwa wanasema jambo la ajabu, kwani wenyeji walikuwa wakilivua, na Waislamu walikuwa wakifanya biashara kandoni mwake.

WALIOFIKA NA WALIOONDOKA

Mfanyabiashara aliyeijenga sifa ya Kageyi ni Mwislamu wa pwani aitwaye Sungoro Tarib, ambaye wengine humwandika Songoro. Alifanya biashara ya pembe za ndovu na ya watumwa, na alikuwa akiunda jahazi kwa ajili ya safari za ziwani. Kuunda jahazi mbali kiasi kile na bahari si jambo dogo. Lilihitaji mafundi, misumari na kamba, na mengi katika hayo yalibebwa kichwani kutoka pwani kwa miezi mitatu au zaidi.

Tarehe 27 Februari 1875 akaingia Henry Morton Stanley na msafara wake. Walikuwa wametoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874, na safari yao ilichukua siku 103. Walikuwa wamebeba mashua iliyokatwa vipande, jina lake Lady Alice. Wengi wa waliombebea mizigo walikuwa Wangwana wa Unguja, nao Waislamu wengi wao, angalau kwa jina na kwa maamkizi. Waliotoka Bagamoyo walizidi 350, lakini waliohesabiwa Kageyi hawakufika 170. Wengine walikufa kwa maradhi, kwa njaa na kwa vita vya njiani, na wengine walitoroka. Stanley alikwenda kulizunguka ziwa kuanzia tarehe 8 Machi, na waliobaki walikaa Kageyi karibu miezi miwili wakimngojea bila ya kujua atarudi lini. Aliporudi alikuta wengine wamekufa, na miongoni mwao ni Mwingereza Frederick Barker, aliyezikwa hapo hapo kijijini.

Katika safari hiyo Stanley alifika kwa Kabaka Mutesa wa Buganda mwezi Aprili 1875. Barua aliyoiandika kuwaita wamishonari ilichapishwa London mwezi Novemba mwaka huo huo, na matokeo yake yakaonekana Kageyi. Mwanzoni mwa 1877 walifika wamishonari wa kwanza wa Kianglikana, wakaiunganisha hapo mashua yao iliyoitwa Daisy. Daktari wao, John Smith, alifia Kageyi mwezi Mei 1877. Wawili katika wenzake, Shergold Smith na O'Neill, walihusiana na Sungoro katika biashara ya lile jahazi lake. Ukatokea ugomvi baina ya Sungoro na Lukonge, mtawala wa Ukerewe, na mwezi Desemba 1877 wote watatu wakauawa huko Ukerewe pamoja na watu wao wengi. Alexander Mackay alipofika Kageyi mwezi Juni 1878, alikuta mashua iliyoharibika na mizigo ya watu waliokufa.

Mwisho wa mwaka huo wakaingia mapadri wa Kikatoliki, wale waitwao Mapadri Weupe. Mwanzoni mwa 1879 wawili miongoni mwao, Lourdel na Amans, walivuka kwa mtumbwi kutoka Kageyi, wakatua Kigungu karibu na Entebbe mwezi Februari. Wenzao waliwangojea Kageyi kwa miezi kadhaa, kisha nao wakavuka. Walipolazimika kuondoka Buganda mwisho wa 1882, hawakuweka makao Kageyi bali Bukumbi, kusini ya Mwanza, na mwaka 1883 wakaanzisha misheni huko.

Baada ya hapo nyota ya Kageyi ikafifia. Wajerumani walijenga boma Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 1890, reli ya Uganda ikafika Kisumu mwaka 1901, meli za moshi zikashika ziwa, na reli ya kati ikafika Mwanza mwaka 1928. Mlango wa ziwa ukahamia kwingine.

HABARI HIZI TUMEZIPOKEA KWA NANI?

Mwanafunzi wa elimu ya Hadithi hawezi kuzipokea habari hizi bila ya kuuliza wapokezi wake. Jawabu ni kwamba karibu zote zimeandikwa na Wazungu, nao walikuwa na maslahi yao. Stanley alikuwa mwandishi wa magazeti aliyependa kuwastaajabisha wasomaji wake. Wamishonari waliandika wakiwa washindani wa Uislamu. Mwenyezi Mungu (s.w.) ametuamrisha katika Suratul Hujurat, aya ya 6, tuchunguze habari tunazoletewa, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua.

Lakini ametuamrisha pia katika Suratul Maida, aya ya 8, kwamba chuki yetu kwa watu isitufanye tuache uadilifu. Wapo ndugu zetu ambao wakisikia kwamba Sungoro aliuza watumwa, husema mara moja: "Huo ni uongo wa wamishonari." Sivyo. Biashara ya watumwa katika njia za bara imethibiti kwa wapokezi wengi wenye nia mbalimbali, na Sayyid Barghash mwenyewe alilifunga soko la watumwa la Unguja mwaka 1873. Katika Hadithi Qudsi iliyopokewa na Imam Bukhari kutoka kwa Abu Huraira (r.a.), Mwenyezi Mungu anawataja watu watatu ambao Yeye atakuwa hasimu yao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni mtu aliyemuuza mtu huru akala thamani yake. Maulamaa wamekubaliana juu ya uharamu huo. Na wengi waliokamatwa katika vita na mavamizi ya bara walikuwa watu huru waliozaliwa na watu huru. Basi anayefanya hivyo, awe na kanzu au awe na suruali, hana hoja katika sheria yetu. Hatumtukuzi Sungoro kwa sababu ni ndugu yetu katika dini, wala hatumzulii zaidi ya yaliyothibiti. Hesabu yake iko kwa Mola wake.

MSAFIRI, MKAAJI NA MWENYE MASKANI

Sasa turudi kwenye fiqhi. Maulamaa wa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu Afrika Mashariki, wanawagawa watu katika mafungu matatu.

La kwanza ni musafir, yaani msafiri. Huyu anaruhusiwa kufupisha swala za rakaa nne, na Ijumaa si wajibu kwake.

La pili ni muqim, yaani mkaaji. Huyu ni mgeni aliyenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka. Ruhusa ya kufupisha imemwondokea, na Ijumaa ikisimamishwa na wenyeji wa pale ni wajibu juu yake kuhudhuria. Lakini yeye hahesabiwi katika idadi ya watu ambao Ijumaa inasihi kwao.

La tatu ni mustawtin, yaani mwenye maskani. Huyu ndiye aliyepafanya mahali kuwa kwao, hapahami masika wala kiangazi ila kwa haja, kisha hurudi. Watu arubaini wa namna hii, wanaume waliobaleghe, wenye akili na walio huru, wakiwa katika majengo ya kijiji au mji, ndio ambao Ijumaa inasimama kwao. Si sharti majengo yawe ya mawe. Hata yakiwa ya miti, udongo au makuti yanatosha. Kinachotazamwa ni kukaa kwa watu, si uzuri wa kuta.

Tuwapime kwa mizani hii wale waliofika Kageyi. Wangwana wa Stanley walingoja karibu miezi miwili, kila siku wakitarajia kuondoka. Katika madhehebu yetu, mwenye kungojea haja asiyojua itatimia siku gani hufupisha mpaka siku kumi na nane, kisha hutimiza. Baada ya hapo walikuwa wakaaji, lakini hawakuwa wenye maskani. Wafanyabiashara wenye asili ya Oman, wengi wao Ibadhi, walikuwa na kauli nyingine: kwao mtu hubaki msafiri akifupisha hata akikaa miaka, maadamu hajanuia kupafanya mahali hapo kuwa watani wake. Kauli hii ina dalili zake, na imepokewa kwamba Ibn Umar (r.a.) alizuiliwa na theluji Azerbaijan miezi sita akawa anafupisha. Hatutaki kuingia katika mjadala huo hapa. Tunataka msomaji aone kwamba kwa kauli zote mbili, Kageyi ilijaa Waislamu ambao nyoyo zao zilikuwa zimeelekea kwingine: nyuma pwani, au mbele Buganda.

Hii ndiyo sababu tunayoiona ya kutokusimama kwa Uislamu Kageyi katika miaka ile. Si kwamba wenyeji waliukataa. Waliopita hawakuwapa. Walinunua chakula, wakanunua pembe, wakaajiri wapiga makasia, wakaondoka. Na vipi mwenyeji ataipenda dini ya mtu anayemwogopa asije akamuuza mwanawe? Biashara ile iliwafungia watu mlango kabla ya yeyote kubisha hodi.

Linganisha na Buganda. Huko mapokezi yanasema Ahmed bin Ibrahim alifika mwaka 1844, zama za Kabaka Suna. Wafanyabiashara wale nao hawakuwa malaika, lakini walikaa ikulu miaka mingi na wakafundisha. Mutesa alianza kufunga Ramadhani mwaka 1867, na vijana wa ikulu wakajifunza kusoma herufi za Kiarabu na hukumu za dini. Mwaka 1876, vijana wale walipokataa kula nyama iliyochinjwa na asiyekuwa Mwislamu, na kukataa kuswali nyuma ya Kabaka asiyetahiriwa, Mutesa aliamrisha wauawe, na wengi wakafa mashahidi kwa ajili ya dini yao. Mtu hafi kwa ajili ya jambo aliloliona likipita njiani. Hufa kwa ajili ya jambo alilofundishwa likaingia moyoni.

KIJIJI KIDOGO SI DHARAU

Neno qarya, yaani kijiji au mji, wanalugha wa Kiarabu wamelirejesha kwenye maana ya kukusanya, kama maji yanavyokusanywa katika birika. Kijiji basi ni mkusanyiko wa watu, na udogo wake haukidhuru. Makka yenyewe ilianza na mwanamke mmoja na mtoto mchanga katika bonde lisilo na mmea. Nabii Ibrahim (a.s.) aliwaacha hapo na akataja sababu yake katika dua iliyomo katika Suratu Ibrahim, aya ya 37: ni ili wasimamishe swala. Maji ya Zamzam yakatoka, watu wa Jurhum wakaomba ruhusa wakakaa, na kikawa kijiji, kisha mji, kisha kibla cha walimwengu.

Mfano mwingine ni Juwatha. Imam Bukhari amepokea kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba Ijumaa ya kwanza kuswaliwa baada ya ile ya Msikiti wa Mtume (s.a.w.) iliswaliwa katika msikiti wa kabila la Abdul Qays, huko Juwatha, kijiji miongoni mwa vijiji vya Bahrain. Na Bahrain ya wakati huo ilikusanya pia nchi ya Al-Ahsa, iliyomo leo katika Saudia. Kijiji kile hakikuwa mlango wa ziwa wala hakikupitiwa na wasafiri mashuhuri wa kuandika vitabu. Watu wake walimwendea Mtume (s.a.w.), wakajifunza, wakarudi kwao, wakaswali kwao. Kwa hilo jina lake linasomwa katika kila darsa ya Hadithi mpaka leo.

JAWABU KWA WAVUVI WETU

Sasa jawabu la swali la vijana wetu ni kama ifuatavyo.

Ikiwa kambi ni ya kupita, watu wanakwenda katika siku za giza kuvua dagaa kwa taa na kurejea makwao mwezi unapokuwa mkubwa, wala hakuna arubaini wenye maskani pale, basi kwa madhehebu ya Imam Shafi hawasimamishi Ijumaa. Wataswali Adhuhuri, na waiswali kwa jamaa. Wasidharau jamaa hiyo kwa sababu tu hakuna mimbari.

Ikiwa karibu yao kuna kijiji kinachosimamisha Ijumaa na adhana yake inawafikia pakiwa shwari, waliokwisha kuwa wakaaji wahudhurie huko.

Na ikiwa kambi imekuwa kijiji, watu wamejenga, wameoa na kuzaa, wana makaburi yao hapo, na wanaume arubaini wamepafanya kwao, basi Ijumaa ni wajibu juu yao, hata kama nyumba zote ni za mabati na udongo.

Wapo wanaotaja kwamba Imam Malik ametosheka na watu kumi na wawili, na Imam Abu Hanifa na watatu pamoja na imamu wao. Ni kweli. Lakini mwenye kuchukua kauli achukue na masharti yake. Wamaliki wanataka watu wa kijiji kilichotulia na msikiti wa jamii. Mahanafi wanataka pawe mji, wala kijiji kidogo hakitoshi kwao. Asichukue mtu idadi kwa huyu na mahali kwa yule, akatengeneza swala ambayo hakuna imamu hata mmoja aliyeisahihisha. Wenye shaka wawaulize maulamaa wa mji wao kabla ya kuanza, si baada ya kugombana.

Hapa ndipo habari za Kageyi zinapotufaa. Kando ya ziwa letu na katika visiwa vyake kuna makambi yanayogeuka kuwa vijiji huku tunaona. Waislamu wamo humo. Lakini mara nyingi mvuvi Mwislamu amekaa miaka kumi mahali pamoja na bado anajihesabu mgeni: hana darasa la watoto, hajui majina ya wazee wa hapo, na akifa mwenzake huhangaika kutafuta wa kumkosha. Mtu huyo anaishi kama wale wa 1875, angawa na simu mkononi.

Tunawausia basi mambo matatu. Kwanza, biashara yenu iwe safi, kwani mwenyeji huisoma dini yenu katika mizani yenu kabla ya kuisikia katika hotuba zenu. Pili, kabla ya kuchangishana fedha za msikiti, mchangieni mwalimu mmoja akae nanyi awasomeshe watoto, wa kike na wa kiume. Tatu, atakayeona pana kheri mahali hapo anuie kukaa, ajenge, aoe kwa wema, azike wafu wake hapo na ashirikiane na majirani zake wa kila dini. Nia hiyo ya kukaa ndiyo inayomhamisha mtu kutoka fungu la pili kwenda la tatu, na ndiyo inayoigeuza kambi kuwa kijiji.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu Waislamu waliotutangulia, awasamehe waliokosea, awahifadhi vijana wetu na dhoruba za ziwa, na ajaalie katika kila mwalo watu wa kusimamisha swala. Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.